Mbwa wa mbegu Mwanza: ukali wao ni wa damu, wa mzalishaji au wa geti unalomfungia?

#1 Mzee wa Isamilo

Wadau, salaam. Kuanzia Capri Point mpaka Buhongwa kila geti la pili lina kibao cha MBWA MKALI, na ndani utakuta German Shepherd, Rottweiler au Boerboel. Hoja yangu ni hii: wengi wa mbwa hao si wakali. Ni waoga, na woga wao umetengenezwa na watu wanaopandisha mbwa bila kuangalia tabia za wazazi.

Mtazame mbwa pale mgeni anapogonga. Mlinzi wa kweli huja mbele, uzito kauweka miguu ya mbele, anabweka kwa sauti nzito akimtazama mtu, na mwenye nyumba akisema basi, anaacha. Mwoga hubweka huku akirudi kinyumenyume, masikio kayalaza, mkia kaubana, anajilamba midomo na weupe wa macho unaonekana pembeni. Huyu mara nyingi hakuumi ukiwa umemkabili. Anasubiri ugeuke, ndipo anakudaka kifundo cha mguu au nyuma ya goti. Ndiye anayeuma watoto, dada wa kazi na muuza maziwa. Mwizi akija na rungu, yeye yuko uvunguni mwa gari.

Sasa tuambiane: tatizo ni mbegu, ni mzalishaji, au ni sisi tunaofuga?

#2 Sangara Mkavu

Mbegu. Tusizunguke. Rottweiler ni mbwa wa kuswaga ng'ombe na kulinda mali za wachinjaji wa mji wa Rottweil, Ujerumani. Dobermann alitengenezwa Apolda na Karl Friedrich Louis Dobermann, mkusanya kodi aliyetaka mbwa wa kutembea naye kwa usalama. Boerboel ni mlinzi wa mashamba ya Afrika Kusini. Vizazi kwa vizazi walichaguliwa wasiomwogopa mtu, leo unashangaa akiuma?

Marekani kati ya 1979 na 1998 zilihesabiwa maiti 238 za watu waliouawa na mbwa. Zaidi ya nusu ya vifo hivyo vilihusisha jamii ya pit bull na Rottweiler. Uingereza mwaka 1991 wakapiga marufuku pit bull, Tosa, Dogo Argentino na Fila Brasileiro, na mwishoni mwa 2023 wakaongeza XL Bully. Hawakufanya hivyo kwa kubahatisha.

#3 Tabibu wa Mifugo Kanda

Sangara, hesabu uliyotaja ni sahihi, tafsiri ndiyo inapwaya. Hesabu hiyohiyo ilikuwa na mbegu 25 tofauti, na waandishi wake walionya kwamba huwezi kutoa kiwango cha hatari kwa kila mbegu kama hujui mbwa wangapi wa mbegu hiyo wanafugwa. Rottweiler wakifugwa kwa wingi, watatokea kwa wingi kwenye kila orodha, nzuri na mbaya.

Kuna utafiti mkubwa uliotoka kwenye jarida la Science mwaka 2022. Wenye mbwa zaidi ya 18,000 walijaza maswali kuhusu tabia za mbwa wao, na mbwa 2,155 wakasomwa vinasaba. Mbegu ilieleza takriban asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa na mbwa. Na wepesi wa kukasirika ulikuwa miongoni mwa tabia zinazofuata mbegu kwa kiasi kidogo kabisa, kulinganisha na, tuseme, utayari wa kufuata amri.

Kinachobebwa na mbegu bila ubishi ni mwili. Chihuahua hupata alama za juu za ukali kwenye madodoso mengi, ila akiuma anachubua. Boerboel wa kilo 70 akiuma mara moja tu, ni chumba cha upasuaji.

#4 Sangara Mkavu

Basi kilo 70 zinatosha kuwa hoja, daktari. Mtoto wa miaka 4 hafiki hata kilo 20. Asilimia zako hazitamsaidia.

#5 Dada wa Nyegezi

Mzee wa Isamilo shikamoo. Mimi nipo upande wako kwenye uzalishaji, na naomba niingie ndani kidogo maana hapa ndipo penye ugonjwa.

Dume mmoja mwenye kichwa kikubwa akishapata sifa, anapandishwa kila jike kutoka Kirumba hadi Igoma. Malipo ni pesa au mtoto mmoja wa kuchagua. Hakuna anayeandika nani kazaa na nani. Baada ya miaka 2 analetewa binti yake mwenyewe na hakuna anayejua. Baba kwa binti, uwezekano wa kila jeni la mtoto kuwa nakala mbili za chanzo kilekile unafika asilimia 25. Ndugu wa baba mmoja ni asilimia 12.5. Ukirudia vizazi viwili vitatu unaanza kuona vitoto vinavyokufa wiki ya kwanza, korodani zisizoshuka, nyonga zilizolegea, na vichwa visivyotulia.

Jike naye anapandishwa joto la kwanza (mara ya kwanza kutaka dume), miezi 8 au 9, mwili wenyewe haujamaliza kukua. Kisha kila joto likija anapandishwa tena. Anayejali kazi yake husubiri jike afike miezi 18 hadi 24, ampige eksirei ya nyonga, na akishazaa ampumzishe joto linalofuata.

Lakini baya kuliko yote ni hili: wanachagua kinyume. Jike anayebwekea hata kivuli cha nguo kwenye kamba, asiyeshikika na mgeni yeyote, anaitwa "mkali sana", ndiye anayepandishwa. Mtulivu, anayempima mtu kwanza, anaitwa bwege na anauzwa. Unazalisha woga kwa makusudi, unaupa jina la ulinzi. Woga unarithiwa. Huko Arkansas, Marekani, kuanzia miaka ya 1960 walizalisha mbwa aina ya pointer koo mbili, moja tulivu na moja yenye hofu. Watoto wa ukoo wa hofu waliganda kama gogo mbele ya mtu.

Mwisho, wanauza vitoto vya wiki 4 au 5 kwa sababu ndio muda vinapoanza kumaliza uji. Kati ya wiki ya 5 na ya 8 kitoto kinajifunza kwa ndugu zake na mama yake kwamba kuuma kunauma: akizidisha, mwenzake analia na mchezo unakwisha. Aliyeondolewa mapema hakupata somo hilo, na jino lake halina breki.

#6 Kamanga Feri

Umenena dada. Uzi umesimama.

#7 Mkulima wa Kisesa

Mnawalaumu wazalishaji tu. Kitoto kizuri cha wazazi wazuri unaweza kukiharibu wewe mwenyewe nyumbani ndani ya wiki 6. Tafiti za Bar Harbor, Marekani, zilionyesha zamani kwamba kuna dirisha la kuzoea dunia, linafunguka wiki ya 3 na linaanza kujifunga kati ya wiki ya 12 na ya 14. Asichokiona katika kipindi hicho atakiogopa akiwa mkubwa. Sisi tunafanya nini? Tunakifungia nyuma ya nyumba mpaka miezi 6 "kisizoee watu".

Kinachotakiwa ni hiki. Wiki ya 3 hadi ya 5 boksi liwe karibu na jiko, siyo stoo. Kisikie mifuniko ya sufuria, redio, mvua juu ya bati. Kipite juu ya simenti, mchanga, majani na kipande cha bati. Wiki ya 6 kuendelea kikutane na watu wa kila namna: mwanamume mwenye kofia, mama mwenye mwavuli, mvuvi mwenye gumbuti na kanzu ya mvua, mzee wa fimbo, watoto wa shule. Kanuni ni moja, kitoto ndicho kimwendee mtu, mtu asikifuate. Mtu achuchumae pembeni, asikikazie macho, mkononi awe na dagaa mmoja mmoja. Kikirudi nyuma, mtu aongeze umbali, asikishike kwa nguvu. Dakika 5 hadi 10 zinatosha kwa mara moja. Mkikilazimisha, mnafundisha hofu mliyotaka kuiondoa.

#8 Buzuruga Stendi

Swali kwa Mkulima. Mnatuambia tukizungushe kitoto cha wiki 8 mjini, na madaktari wanasema chanjo haijakamilika kisitoke. Tumsikilize nani?

#9 Tabibu wa Mifugo Kanda

Wote wawili, kwa kubebwa. Chanjo ya mchanganyiko, ya kukinga parvo na distempa, magonjwa mawili ya virusi yanayoua vitoto, huanza wiki ya 6 hadi ya 8, inarudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka wiki ya 16. Kabla ya hapo kibebe mikononi, usikishushe chini panapopita mbwa wa mitaani. Mwaloni Kirumba, kwenye maji ya samaki na mbwa wanaozurura, usithubutu. Simama nacho mita 20 kutoka barabarani Mkolani, kitazame bodaboda na daladala zikipita, inatosha.

Kwenye uwanja ambao mbwa alikufa kwa parvo, virusi vinaweza kukaa udongoni miezi mingi. Sabuni ya kawaida haiviui. Sakafu ya simenti ioshwe kwanza uchafu wote utoke, kisha mwaga jiki kipimo 1 kwa maji vipimo 30, iachwe dakika 10 ikiwa bado mbichi ndipo isuuzwe. Jiki juu ya kinyesi haifanyi kazi. Kwenye udongo pia haifanyi kazi, kwa hiyo usilete kitoto kipya hapo kabla hakijakamilisha chanjo.

Na kichaa cha mbwa ni chanjo ya peke yake: miezi 3, kisha kila mwaka. Msiichanganye na hiyo nyingine, kadi nyingi zina stika ya parvo tu na mwenye mbwa anaamini kamaliza.

#10 Mlinda Geti

Mmeruka mnyororo. Mbwa anayefungwa mchana kutwa kwenye nguzo hana njia ya kukimbia. Mnyama akitishwa ana njia tatu: kukimbia, kuganda, au kupigana. Umemwondolea ya kwanza. Utafiti wa Denver, Marekani, wa 1994 ulilinganisha mbwa waliouma watu na wasiouma, ukakuta waliouma walikuwa zaidi madume, wasiohasiwa, na waliofungwa mnyororo.

Geti la nondo nalo lina kazi yake. Mpita njia anapita, mbwa anabweka, mpita njia anaondoka kwa kuwa alikuwa anaondoka hata hivyo. Mbwa anahesabu ushindi. Mara 50 kwa siku, mwaka mzima, na siku geti likiachwa wazi unajua kitakachotokea. Ziba geti kwa bati mpaka usawa wa kifua cha mtu. Na kwa wenzetu wa milimani, Bugando, Isamilo, Mabatini: kuta zetu zimejengwa juu ya mawe. Kagua ndani ya uzio, jiwe lolote lililo chini ya mita moja na nusu kutoka juu ya ukuta ni ngazi ya mbwa.

#11 Sangara Mkavu

Mlinda Geti umesoma nusu ya Denver. Utafiti huohuo ulikuta waliouma walikuwa zaidi German Shepherd na Chow Chow. Mbegu imo humohumo, umeiruka.

#12 Mlinda Geti

Imo, sikatai. Lakini mbegu ya mbwa huibadilishi ukishamnunua. Mnyororo unaufungua leo.

#13 Mwana wa Ukerewe

Wakuu, huku visiwani watu wanampa mbwa pilipili na bangi, wengine wanamfungia gizani wiki nzima ili awe mkali. Ina ukweli?

#14 Tabibu wa Mifugo Kanda

Hapana, na ni ukatili, Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008 ipo kwa ajili ya mambo hayo. Pilipili inaunguza tumbo, mbwa anatapika na kuharisha. Bangi inamlegeza: anayumba, mkojo unamtoka, joto la mwili linashuka, anashtuka kwa kila kinachomgusa. Mshtuko huo ndio watu wanauita ukali. Giza linamwondolea uzoefu ambao Mkulima kaueleza hapo juu, anatoka akiogopa mwanga na watu.

#15 Dada wa Nyegezi

Na wale wa "mpe nyama mbichi aonje damu" ni kundi hilohilo. Chakula hakimbadilishi mbwa kuwa muuaji.

#16 Mapanki Mwaloni

Kwa kuwa mmefika kwenye chakula: mbwa wengi wa hapa wanakula ugali na mapanki ya sangara (mifupa inayobaki minofu ikitolewa) au dagaa. Vizuri, lakini kuna makosa. Mapanki yachemshwe mpaka mfupa uvunjike kwa vidole, au yapite preshakuka na yasagwe. Mifupa mirefu ya mgongo iliyokaangwa ikakauka inapasuka vipande vyenye ncha, inakwama kooni au inatoboa utumbo. Samaki mbichi wa aina kadhaa wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, mbwa akilishwa hivyo kila siku kwa wiki nyingi anaanza kuyumba na kupata degedege, kwa hiyo pika. Dagaa aliyeanikwa mchangani aoshwe maji mara tatu, mchanga ukijaa utumboni unaziba.

Na unga wa mahindi ulioota ukungu ambao nyumba imeukataa, usimpe mbwa. Sumu kuvu inaua ini lake haraka kuliko la ng'ombe. Macho yakigeuka manjano mara nyingi umechelewa.

#17 Tabibu wa Mifugo Kanda

Asante Mapanki. Umenifungulia mlango wa jambo ambalo halijatajwa: maumivu. Mbwa aliyekuwa mpole miaka 4 akianza kuuma, kabla hujasema damu au malezi, mpeleke apimwe. Sikio lenye usaha, mtoto anamshika kichwa anaumwa. Nyonga zilizolegea, mtu akimsukuma kiuno anageuka na meno. Homa ya kupe: ufizi mweupe, mkojo wa rangi ya chai nzito, amejikunyata pembeni, ukimgusa anakoroma. Dume linalovuja damu kwenye ala ya uume na ukichungulia kuna uvimbe unaofanana na koliflawa, hiyo ni saratani inayoambukizwa wakati wa kupandana. Inatibika kwa sindano za kila wiki, ila akipandishwa kabla ya kutibiwa anaisambaza kwa majike yote. Madume ya kukodisha mjini yakaguliwe kwanza, na majike vilevile.

Tabia ikibadilika ghafla ndani ya siku chache, sauti ya kubweka imebadilika, mate yanamtoka, taya limelegea, anang'ata mawe na vijiti, hapo fikiria kichaa. Mtu aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, kwa saa. Siyo kitunguu, siyo mkaa, siyo jiwe la nyoka. Kisha hospitali siku hiyohiyo, na sindano azimalize hata kama kidonda kimekauka, kwa kuwa ugonjwa unaweza kujificha miezi miwili, mitatu, na ukishaanza hauna tiba. Mbwa msimuue kwa hasira. Kama anaweza kufungiwa salama, afungiwe siku 10 atazamwe. Akifa, kichwa kifikishwe maabara ya mifugo kikiwa kwenye barafu, siyo kimezikwa.

#18 Sangara Mkavu

Nakubali yote ya daktari, ila sijarudi nyuma kwenye damu. Novosibirsk, Urusi, Dmitry Belyaev alianza mwaka 1959 kuzalisha mbweha wa manyoya kwa kigezo kimoja tu, upole kwa mtu. Ndani ya vizazi vichache wakaanza kutikisa mkia na kulilia kushikwa. Baadaye wakazalisha ukoo wa pili kwa kigezo cha ukali, wakapata mbweha wanaorukia nondo za kizimba. Malezi yaleyale, chakula kilekile. Mtaniambia nini?

#19 Mzee wa Isamilo

Nitakwambia umeisaidia hoja ya Dada wa Nyegezi, ndugu yangu. Wale wote walikuwa mbweha wa aina moja. Belyaev hakubadilisha aina, alibadilisha nani anapandishwa. Jina la mbegu lilibaki, tabia ikagawanyika mara mbili kwa sababu ya mkono wa mzalishaji.

#20 Sangara Mkavu

Na mbegu ni nini basi kama siyo mkono wa mzalishaji uliorudiwa miaka mia? Von Stephanitz alipoanza na German Shepherd mwaka 1899 alifanya hichohicho.

#21 Mkulima wa Kisesa

Hapo mmegongana vizuri. Ila von Stephanitz alipima mbwa kazini, kondoo na mafunzo, kabla ya kumpandisha. Hapa kwetu kinachopimwa ni mgongo mweusi na masikio yaliyosimama. Masikio yenyewe mbwa wetu wa kienyeji anayo tangu mdogo! German Shepherd halisi wengi masikio yanasimama kati ya mwezi wa 4 na wa 6, yanaweza kuanguka tena wakati wa kubadilisha meno. Mtu anauziwa chotara wa wiki 6 mwenye masikio wima akiambiwa ni Mjerumani safi, akikua akauma, lawama inaandikwa kwa German Shepherd. Hizo takwimu zenu za mbegu nyingi zimejazwa kwa macho.

#22 Buzuruga Stendi

Sawa, anayetaka kununua afanye nini? Kuna kile kipimo cha kumlaza kitoto chali wiki ya 7 sekunde 30 uone kama anapambana.

#23 Dada wa Nyegezi

Kipimo hicho kinatabiri kidogo sana atakuwaje akiwa mkubwa. Kitoto kilichoshiba kinalala, chenye njaa kinapambana. Muulize mama yake badala yake.

Nenda nyumbani kwa mzalishaji, siyo kukutana stendi wala kwenye buti la gari. Omba jike atolewe kwa kamba, watoto wakiwa mbali maana akiwa nao hata mpole hulinda. Simama pembeni dakika 5 bila kumkazia macho. Kisha angusha funguo kwenye simenti. Kushtuka siyo kosa. Angalia anachofanya baadaye: mzima anarudi ndani ya sekunde chache kunusa kilichoanguka. Anayejificha nyuma ya miguu ya mwenyewe na harudi, au anayerusha meno, usichukue watoto wake hata kwa bure. Uliza joto lililopita alizaa? Uliza dume ni nani, mama yake dume ni nani. Akisita, ondoka. Dume nenda ukamwone pia, ingawa yeye huwaona watoto kidogo, jike ndiye wanayemwiga kuanzia wiki ya 3.

#24 Mlinda Geti

Na akishakuja nyumbani asifungwe mnyororo. Narudia.

#25 Mwana wa Ukerewe

Asanteni wote. Nina la mwisho: jike na dume wakishapandana wakashikana, huku watu huwamwagia maji au kuwapiga fimbo waachane. Sahihi?

#26 Tabibu wa Mifugo Kanda

Kosa kubwa. Kushikana ni kawaida, huchukua dakika 10 hadi 30, fundo la uume wa dume limevimba ndani ya jike. Wakivutana kwa hofu jike anachanika na dume anaumia. Mshike jike kichwa asikae chini wala asijiviringishe, waachie wenyewe. Na ukitaka mimba ishike, hesabu kutoka siku ya kwanza ya damu: majike wengi wako tayari siku ya 10 hadi ya 14, pandisha mara moja kisha rudia baada ya saa 48. Mimba ni siku 63 hivi. Joto la mwili likishuka chini ya nyuzi 37.2, andaa boksi, anazaa ndani ya siku moja.

#27 Sangara Mkavu

Daktari, hizo siku 63 ni kwa mbegu zote, Boerboel na kienyeji? Na nikileta takwimu za walioumwa kwa kila mbegu, safari hii zenye idadi ya mbwa wanaofugwa, utazisoma?

#28 Tabibu wa Mifugo Kanda

Kwa mbegu zote, kati ya 58 na 68 ukihesabu kutoka siku ya kupandana. Zilete, nitazisoma zote.